Tumbawe Laini Huhimili Tindikali, Lakini Halijengi Mwamba

Ukifika Kilwa Kisiwani, simama mbele ya Msikiti Mkuu uzitazame kuta zake kwa karibu. Jiwe lile halikuchimbwa mlimani. Limetoka baharini, na ukilisogelea utaona vijitundu walimoishi wanyama walioujenga mwili wake. Mafundi wa kale walikata tumbawe likiwa bichi, wakalichonga nakshi lingali laini, kisha likakauka na kuwa gumu. Hata chokaa iliyoshikiza mawe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, vizazi na vizazi vya watu wa pwani vimelala ndani ya kuta zilizotokana na kazi ya wanyama wa baharini.

Hayo ni matumbawe magumu. Jirani zao kwenye mwamba ule ule ni matumbawe laini, na hakuna fundi aliyewahi kuyajengea nyumba. Ukiyagusa ni kama ngozi mbichi. Yakitikiswa na mkondo huyumba. Yakifa huoza, na kinachobaki hakijazi hata kiganja.

Miaka ya karibuni watafiti wameyaangalia matumbawe haya kwa macho mapya. Maji ya bahari yanazidi kuwa na tindikali, na katika hali hiyo matumbawe laini yameonyesha ustahimilivu ambao magumu hayana. Wapo waliopata faraja kwa habari hiyo, wakidhani mwamba utajiponya wenyewe kwa kubadilisha wakazi. Makala haya yanaeleza ustahimilivu huo unatoka wapi, unaishia wapi, na kwa nini mwamba uliofunikwa na matumbawe laini hauwezi kutufanyia kazi ya ule tunaoupoteza.

Mnyama mwenye minyiri minane

Tumbawe si mmea, na si jiwe tupu. Ni kundi la wanyama wadogo wanaoitwa polipi, kila mmoja akiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri. Njia ya kuwatambua ni kuhesabu. Polipi wa tumbawe laini ana minyiri minane, na kila mnyiri una vitawi pembeni kama unyoya wa ndege. Wa tumbawe gumu huwa na minyiri kwa mafungu ya sita. Ukoo huu wa minyiri minane una spishi zaidi ya 3,000.

Tofauti kubwa zaidi imo ndani ya mwili. Tumbawe gumu hujenga kikombe cha chokaa chini yake, likipanda juu ya kazi yake lenyewe mwaka hadi mwaka, na vikombe hivyo vikirundikana kwa maelfu ya miaka ndivyo vinavyokuwa mwamba. Tumbawe laini halina kikombe. Ndani ya nyama yake mmetawanyika vijiwe vya chokaa, vingine kama sindano, vingine kama rungu lenye miiba, na vingi havifiki urefu wa milimita moja. Wataalamu huviita skleriti. Ndivyo vinavyoupa mwili umbo na kumkatisha tamaa samaki anayetaka kuumega.

Mpiga mbizi huyajua matumbawe laini kwa sura. Sarcophyton hukaa kama uyoga mkubwa wenye kingo zilizokunjamana. Sinularia huchipuza kama vidole. Heteroxenia ndiyo ya ajabu kuliko zote: polipi zake hufumba na kufumbua minyiri bila kukoma, kama kiganja kinachojikunja na kujikunjua. Mwendo huo husukuma maji na kuondoa oksijeni iliyozidi, na hivyo vijimea vinavyoishi ndani ya nyama yake huweza kutengeneza chakula vizuri zaidi kwa mwanga wa jua. Chakula hicho ndicho tumbawe linachokula kwa sehemu kubwa.

Na kama hujawahi kupiga mbizi, tembea ufukweni maji yakiwa yametoka. Huenda ukaokota kipande chekundu cha mirija myembamba iliyosimama bega kwa bega, mithili ya filimbi nyingi zilizofungwa fungu moja. Hiyo ni Tubipora, jamaa wa karibu wa matumbawe laini. Skleriti ambazo kwa ndugu zake zimetawanyika katika nyama, kwake zimeshikana zikawa mirija. Ni mmoja wa wachache katika ukoo huo wanaoacha jiwe la kushika mkononi.

Ndimu jikoni, soda mezani

Chukua ganda la yai ulikamulie ndimu. Baada ya muda mfupi utaona vipovu. Ganda la yai, kombe la pwani, tumbawe na chokaa ya ukutani kwa asili ni kitu kimoja: kalsiamu kaboneti. Tindikali ya ndimu hukiyeyusha, na vipovu unavyoviona ni hewa ukaa iliyokuwa imefungiwa humo.

Sasa fungua soda. Ule mwasho wa ulimini unatokana na hewa ukaa iliyoshindiliwa kwenye maji, ambako sehemu yake hugeuka tindikali hafifu. Bahari inafanyiwa jambo hilo hilo, ila taratibu na kwa upana wa dunia nzima. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu zipatazo 280 zilikuwa hewa ukaa. Leo zimepita 420, kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta, gesi na misitu tuliyochoma. Takriban robo ya hewa ukaa tunayoitoa kila mwaka huishia baharini. Bahari imetubebea mzigo ambao ungeipasha dunia joto zaidi, nayo inalipa kwa kemia yake.

Malipo hayo hupimwa kwa kipimo cha pH. Wastani wa maji ya juu ya bahari ulikuwa karibu 8.2, na sasa uko karibu 8.1. Tofauti hiyo isikudanganye. Kipimo cha pH huenda kwa kuzidisha: kikishuka kwa 1, tindikali imeongezeka mara kumi. Kushuka kwa 0.1 ni ongezeko la zaidi ya robo. Tukiendelea kutoa hewa ukaa kwa wingi, wastani huo unaweza kukaribia 7.8 mwishoni mwa karne hii.

Hata hapo bahari haitageuka ndimu. Itabaki juu ya 7, upande wa magadi. Mateso ya tumbawe huanza mapema zaidi, kwenye upungufu wa malighafi. Chembe za hidrojeni zinapoongezeka majini, hushikana na kaboneti, ile ile ambayo tumbawe huitumia kutengeneza chokaa. Ni kama mwashi anayefika kazini kila asubuhi akakuta mifuko ya saruji imepungua. Tumbawe gumu hujitetea kwa kusukuma tindikali nje ya mahali linapojengea, lakini kazi hiyo inakula nguvu ambazo lingezitumia kukua, kuzaa na kujitibu majeraha.

Nyama inayolinda vijiwe

Kwa tumbawe laini, mtu angetarajia mambo kuwa mabaya zaidi. Skleriti zake zimeundwa kwa aina ya chokaa yenye magnesiamu nyingi, na aina hiyo huyeyuka upesi.

Watafiti Yasmin Gabay, Maoz Fine na Yehuda Benayahu waliamua kulipima jambo hili kwa matumbawe ya Bahari ya Shamu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliweka spishi tatu, zikiwemo Heteroxenia na Sarcophyton, katika maji ya pH 8.2, 7.6 na 7.3, kwa muda uliofika miezi mitano. Hiyo 7.3 ni tindikali kali kuliko inayotarajiwa katika miamba ya tropiki karne hii. Walipima uzito wa polipi, protini, wingi wa vijimea ndani ya nyama na kasi ya kufumba na kufumbua. Hawakuona tofauti kubwa. Heteroxenia iliendelea kukunja na kukunjua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka uliofuata walitoa jibu la kwa nini. Walichukua skleriti zilizotolewa kwenye nyama na kuziweka katika maji yenye tindikali, wakazilinganisha na zile zilizobaki ndani ya tumbawe hai katika maji ya aina hiyo hiyo. Chini ya hadubini ya elektroni, zilizokuwa uchi zilionyesha kuliwa, ilhali zilizofunikwa na nyama zilikuwa nzima. Nyama ya tumbawe laini ni ukuta kati ya chokaa na bahari. Tumbawe gumu lina utando mwembamba wa nyama juu ya jiwe kubwa. Tumbawe laini lina nyama nene iliyozingira vijiwe vidogo pande zote. Ulaini tunaouona kama udhaifu ndio ngao yake.

Mahali pawili, majibu mawili

Tangi la maabara, hata hivyo, halina mawimbi, maadui wala majirani wanaogombania nafasi. Kwa hiyo watafiti hutafuta mahali ambapo bahari yenyewe imefanya jaribio. Katika sehemu chache duniani, volkano zilizo chini ya maji hutoa vipovu vya hewa ukaa katikati ya miamba ya matumbawe, na miamba hiyo imeishi na tindikali kwa muda mrefu.

Mojawapo ni Iwotorishima, kisiwa cha volkano kisicho na watu huko Okinawa, Japani. Shihori Inoue na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2013. Mahali ambapo maji yalikuwa na hewa ukaa ya chini, kipimo cha 225 (kinacholingana takriban na kile cha sehemu kwa milioni hewani), matumbawe magumu ya aina nyingi yalitawala. Mahali palipofika 831, karibu maradufu ya kiwango cha hewani leo, magumu yalitoweka na nafasi ikachukuliwa na tumbawe laini moja, Sarcophyton elegans. Mahali palipofika 1,465, hakukuwa na magumu wala laini.

Nenda sasa Milne Bay, Papua New Guinea, ambako timu ya Katharina Fabricius ilichapisha utafiti wake mwaka 2011. Hapo pia vipovu vya volkano vimeshusha pH hadi karibu 7.8 katika baadhi ya sehemu. Walioshinda hapa hawakuwa matumbawe laini, ambayo nayo yalipungua. Mshindi alikuwa Porites, tumbawe gumu lenye umbo la jabali, wakati matumbawe yenye matawi, ambamo samaki wadogo hujificha, yalipungua sana, na idadi ya spishi ikaanguka.

Matokeo haya mawili hayapingani. Yanatuonya tusiseme “matumbawe laini” kana kwamba ni kitu kimoja. Ukoo wa spishi elfu tatu una wenye ngozi nene na wenye ngozi nyembamba, wanaopenda mkondo na wanaopenda utulivu. Na yote mawili yanakubaliana juu ya jambo moja: mahali penye tindikali nyingi, aina nyingi hupungua na chache hubaki.

Bustani isiyo na ukuta

Tuchukulie kwamba katika miamba mingi hali itakuwa kama ya Iwotorishima, magumu yaondoke na laini yabaki. Mpiga mbizi bado ataona rangi na uhai. Kwa nini tuhuzunike?

Kwa sababu mwamba ni jengo kabla ya kuwa bustani. Mawimbi ya bahari kuu huvunjikia kwenye ukingo wa mwamba, na ndani yake ngarawa hutia nanga, mwani hulimwa, mikoko hushika mizizi. Ukingo huo hupigwa na dhoruba kila mwaka na kutobolewa na sponji, chaza na minyoo inayochimba. Unabaki kwa sababu matumbawe magumu huongeza jiwe jipya haraka kuliko lile linaloliwa. Tindikali huvuruga pande zote mbili za hesabu hiyo, ikipunguza ujenzi na kurahisisha ubomoaji. Yapo matumbawe laini machache, hasa ya jamii ya Sinularia, ambayo hugandisha skleriti zao chini ya shina zikawa jiwe, lakini hayawezi kushika nafasi ya mwamba mzima.

Mfano upo katika Bahari yetu ya Hindi. Huko Sodwana Bay, kaskazini mwa KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, matumbawe laini yametawala sehemu kubwa ya miamba kwa sababu za asili. Ni mahali pazuri mno kupiga mbizi. Lakini matumbawe yale ni tabaka jembamba lililoota juu ya mchanga wa kale uliogeuka mwamba. Jiwe lililo chini yake halikujengwa nayo.

Kisha kuna samaki. Pweza anahitaji pango, chewa anahitaji kivuli cha kuvizia, na samaki wachanga wanahitaji matawi ambamo mkubwa hapiti. Tumbawe gumu lenye matawi hutoa vyote hivyo, na hata likifa jiwe lake huendelea kuhifadhi kwa miaka. Tumbawe laini likifa, kesho yake hakuna nyumba. Kwa familia ya pwani ambayo kitoweo chake cha kila siku ni samaki, hilo ni suala la protini na madini ya chuma katika sahani ya mtoto.

Mwisho ni joto. Tindikali haiji peke yake: hewa ukaa ile ile hupasha maji joto. Maji yakizidi joto, tumbawe hufukuza vijimea vyake na kubaki jeupe, na nyama nene ya tumbawe laini hailiokoi hapo. Katika joto la mwaka 1998 miamba mingi ya Kenya na Tanzania ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake, na laini nayo yaliathirika. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika tukio la nne la matumbawe kupauka kote duniani. Jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi lilikadiria mwaka 2018 kwamba joto la dunia likipanda kwa nyuzi 1.5, miamba ya matumbawe itapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na likifika nyuzi 2, itapotea zaidi ya asilimia 99.

Duka la dawa chini ya maji

Ipo sababu nyingine ya kuyajali matumbawe laini yenyewe, na inahusu hospitali. Mnyama asiye na jiwe la kujifichia hujilinda kwa kemikali. Nyama ya Sarcophyton na Sinularia imejaa kemikali zinazowafanya samaki wateme na majirani wasisogee. Wakemia wamezichunguza kwa miongo mingi wakitafuta dawa za uvimbe na saratani.

Historia inaonyesha kwamba si ndoto. Mwaka 1969, Alfred Weinheimer na Robert Spraggins waliripoti kwamba Plexaura homomalla, tumbawe la minyiri minane la bahari ya Karibi, limejaa kemikali za jamii ya prostaglandini. Wakati huo kemikali hizo zilikuwa adimu na ghali, na tumbawe hilo likawa chanzo chake muhimu kwa watafiti hadi mbinu za kuzitengeneza maabara zilipokomaa. Leo dawa za jamii hiyo hutumika katika wodi za wazazi, kuanzisha uchungu na kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua. Spishi ikipotea kabla hatujaichunguza, dawa yake hupotea nayo.

Lililo mikononi mwetu

Tindikali ya bahari haijui mipaka. Moshi wa kiwanda cha mbali hufika kisiwa cha Mafia, na hakuna doria ya hifadhi inayoweza kuuzuia. Dawa ya msingi ni dunia kupunguza hewa ukaa, na nchi za pwani yetu, zilizochangia kidogo, zina haki ya kulidai hilo kwa sauti katika kila mkutano wa tabianchi.

Madai huhitaji vipimo. Kupunguza tindikali ya bahari ni sehemu ya Lengo la 14 la Maendeleo Endelevu, na watafiti wa Kenya, Tanzania na majirani zao wa Bahari ya Hindi Magharibi wameanza kupima pH ya maji yao. Kazi hiyo inastahili fedha za serikali zetu wenyewe, kwa kuwa kipimo cha mwaka mmoja hakisemi kitu. Kinachosema ni mfululizo wa miaka.

Nyumbani nako kuna la kufanya. Tumbawe lenye afya huvumilia tindikali kuliko lililochoka. Maji taka yanayomwagwa baharini hulisha magugu yanayolisonga. Juya la kokoro hung'oa lililoota kwa miaka. Baruti huacha kifusi, na huko Komodo, Indonesia, watafiti wameona vifusi vya baruti vikitwaliwa na matumbawe laini yanayozuia magumu kurudi. Pono na tafi wanaokula mwani juu ya mwamba wakivuliwa wote, matumbawe machanga hukosa mahali safi pa kushika. Mikoko na majani ya bahari hunywa hewa ukaa, na mradi wa Mikoko Pamoja huko Gazi, Kenya, umeonyesha tangu 2013 kwamba wanakijiji wanaweza kuilinda mikoko na kupata kipato kwa kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba matumbawe laini yatastahimili, kubali, kwa kiasi fulani ni kweli. Kisha uliza: nani atajenga mwamba? Nyama nene huwalinda wenye nyama, haiwezi kuivunja nguvu ya wimbi la kusi. Matumbawe magumu yakiondoka, hakuna kiumbe kingine kitakachotujengea ukuta wa pwani. Wewe mvuvi, mwongoza watalii, mwalimu, diwani, linda lile lililo hai mbele ya kijiji chako, na yeyote anayekuomba kura mwulize ana mpango gani juu ya bahari.